Naomba ushauri: fonti ya kizamani kwa bango la duka la keki

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya dizaini. Nina mteja anafungua duka la keki na mikate, anataka bango lenye maandishi ya kizamani, yale manene ya duaraduara yenye vikia laini (vile vimistari vidogo vya kwenye ncha za herufi), mtu akiyaona tu anatabasamu. Mi nilimpelekea fonti (aina ya herufi) inaitwa Cooper Black, ile aliyochora Oswald Cooper kule Chicago ikatoka 1922, akaipenda sana ila tatizo matundu ya ndani ya a na e ni madogo mno, nikipunguza saizi kwa ajili ya stika za maboksi yanaziba kabisa. Sasa naangalia fonti nyingine inaitwa Fraunces, iko bure Google Fonts (maktaba ya fonti ya Google mtandaoni) na leseni yake inaruhusu kazi za biashara, halafu unaweza kurekebisha unene na ulaini wa kona mwenyewe, na kuna swichi ya kuzifanya n, m na h ziiname kidogo kama zinacheza, hapo ndo nimeipenda jamani!

Swali langu, kwa bango la kusomwa na mtu aliyeko kwenye daladala inayotembea, hizo herufi za kuinama niziwashe au nizizime? Na maelezo ya chini kama bei na namba ya simu niyaweke fonti hiyohiyo au nitafute nyingine isiyo na vikia? Mi naona hiyohiyo itachosha macho ila mteja anaing'ang'ania. Aliyewahi kukata stika za fonti nene hivi anisaidie pia nafasi kati ya herufi niache kiasi gani.