Kaka anatetemeka asubuhi mpaka anywe, tukimfungia ndani ataacha?

Mbalamwezi
Wakuu habari zenu. Kaka yangu mkubwa anakunywa kila siku, sio bia za wikiendi, ni pombe kali na anaanza kabla hata hajanawa uso, asipopata mikono inatetemeka hadi kikombe anakishika kwa mikono miwili, jasho linamtoka, chakula hataki. Familia tumeona tumfungie ndani wiki nzima asipate hata tone, na shemeji kaambiwa kuna vidonge vya kumwekea kwenye chai kimyakimya. Kuna aliyejaribu?

Mkonge
Fungieni tu, atasumbua siku mbili tatu atazoea. Mnamdekeza huyo.

ZamuYaUsiku
Mkonge usimpoteze mwenzio aisee. Pombe inapoozesha ubongo, sasa wa mtu anayekunywa kila siku unajiongezea kasi ili usizimike, ukimkatia ghafla ni gari limekanyagwa mafuta na breki hakuna. Kutetemeka kunaanza masaa 6 hadi 24 toka glasi ya mwisho, degedege inaweza kumshika ndani ya siku 2 za mwanzo, baadaye wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani, homa, moyo unaenda mbio na mtu anakufa hivihivi mkidhani ni arosto tu. Mpelekeni hospitali kabla hamjamkatia. Kule atapewa diazepam, dawa ya kutuliza ubongo, dozi inashushwa taratibu, na vitamini B1, maana wanywaji wa muda mrefu inawaishia na ikikosekana kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja.

MamaMapacha
Na hivyo vidonge kama ni disulfiram shemeji aviache kabisa! Vinazuia mwili usimalize kuvunja sumu ya pombe, akinywa juu yake uso unawaka, anatapika, presha inashuka, mwenye moyo mbovu ndio basi tena. Anapewa aliyekubali mwenyewe na ambaye hajagusa pombe masaa 12 au zaidi, sio mtu wa kutegewa kwenye chai.

Mbalamwezi
Duh, asanteni. Mwaka jana alikosa pombe msibani akaanguka akakakamaa, sisi tukajua kifafa.

ZamuYaUsiku
Hilo ndilo la kwanza kumwambia daktari, hata kabla ya kumtajia kutetemeka. Aliyewahi kuanguka hivyo haachishwi nyumbani, wamlaze. Na kama kanywa siku hiyo nendeni naye hivyohivyo, msimfiche.