Naomba ushauri: nianze kununua nini kwa bustani, ndege na nyumba?

Habari zenu wakuu. Baridi inaondoka, majira ya kuchipua yanabisha hodi, nami mkono wangu ni wa birika, nakiri mapema.

Kwanza bustani. Nina pakiti za mbegu za zamani. Nilifunga mbegu 10 za nyanya kwenye karatasi yenye unyevu, zikaota 7, basi nyanya sinunui. Za vitunguu hazikuota hata moja. Nasikia hazikai zaidi ya mwaka mmoja au miwili. Kinachoniumiza kichwa ni mboji: yangu haijaiva, maganda bado yanaonekana. Ninunue mfuko mmoja, au nichelewe kupanda?

Ndege ndio wananifilisi. Mwaka jana nilichukua mchanganyiko wa mbegu za kuwalisha, wa bei ya chini. Wakachagua alizeti, mtama wakautupa chini, ukaota, na panya wakapata karamu (panya sikuwaalika). Sasa nawaza alizeti tupu, ingawa kilo yake ni ghali zaidi. Aliyejaribu aniambie, hesabu inalipa kweli? Suala la maji yao ya kuogea nimeshalimaliza: kisahani cha chungu cha maua, kina cha sentimita 3 hivi, nabadilisha kila siku mbu wasizaliane.

Nyumbani nataka kupaka rangi mlango tu. Kopo lililobaki miaka minne iliyopita lina utando juu, ila chini bado ni laini. Linafaa au nitaharibu mlango?

Pesa inatosha kitu kimoja mwezi huu. Ungekuwa wewe, ungeanza na kipi?