Nungwi: Mama yangu kazuiwa kupita ufukweni kwa sababu kavaa khanga

Wakuu, salaam. Nimesharudi Morogoro lakini hasira haijashuka, kwa hiyo mtanivumilia, uzi ni mrefu.

Bi mkubwa wangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Miaka yote kafundisha watoto wa watu habari za bamvua na maji kupwa, na alikuwa hajawahi kukanyaga Zanzibar. Nikadunduliza hela, nikamwambia safari hii tunakwenda. Nungwi niliichagua makusudi. Paje na Jambiani maji yakipwa unayafuata huko mbali, lakini Nungwi na Kendwa bahari haikimbii hivyo, mtu mzima anaingia majini karibu saa yoyote.

Balaa la kwanza, chumba kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia. Kwenye simu tulikubaliana bei ya mwananchi, shilingi 130,000 kwa usiku, na ujumbe wao ninao. Tumefika na mabegi, jua linazama, dada wa mapokezi ananiambia bei hiyo imekwisha, sasa ni dola 75. Nikamwambia mimi sina dola, mimi Mtanzania. Akapiga hesabu kwa 2,800 kwa dola moja, wakati benki siku hiyo hata 2,500 haijafika. Shilingi 210,000! Nikalipa, maana giza lile ningempeleka wapi mama na miguu yake imevimba kwa safari ya boti na daladala? Na wao walijua hivyo.

Tuelewane hapa. Kanuni za Benki Kuu zilizoanza kutumika mwishoni mwa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Shilingi ndiyo fedha halali, Unguja kama Bara. Nilipomtajia meneja, alisema "hapa ni eneo la utalii, dada yangu." Kwani eneo la utalii liko nchi gani?

Menyu nayo dola tupu. Pweza na chipsi dola 18. Chupa kubwa ya maji dola 3, yaani 8,400 kwa hesabu zao, wakati dukani kijijini, mwendo wa dakika chache, maji yaleyale ni 1,500. Nikaomba risiti ya kielektroniki, nikaandikiwa kikaratasi cha mkono kisicho na jina la nyumba hiyo wala muhuri.

Mapapasi, wale vijana wanaowafuata wageni ufukweni kuwauzia safari, sitawasema sana, wanatafuta riziki. Ila kumfuata mtu wa makamo ufukwe mzima na "jambo jambo, hakuna matata", mtu aliyekwishakujibu kwa Kiswahili mara tatu kwamba hataki safari ya pomboo, huo ni usumbufu.

Sasa jambo lenyewe.

Asubuhi mama akavaa khanga zake, akachukua kikapu chake cha ukili, ndani mna taulo, maji na tende. Tukashuka kutembea. Wanaopajua Nungwi wanaelewa, maji yakijaa yanagonga kuta za hoteli, mchanga wa kupita haubaki. Njia inakuwa ngazi za hoteli, unapanda, unashuka upande wa pili. Tumefika kwenye ngazi za hoteli moja kubwa, mlinzi akanyoosha mkono: "Mama, wachuuzi hawaruhusiwi hapa."

Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi siuzi kitu, napita tu." Akaambiwa afungue kikapu. Akafungua! Mwanamke wa miaka sabini anatoa taulo na tende mbele za watu waliolala kwenye vitanda wakimtazama. Bado mlinzi akasema haiwezekani, tuzunguke kwa barabarani. Tukiwa tumesimama palepale, wakaja Wazungu wawili, mume na mke, ambao nilikunywa nao chai nyumba yetu ya wageni asubuhi ileile. Hawalali hoteli hiyo. Wakapanda ngazi, mlinzi akawapa "karibu sana", wakapita.

Nilifoka, sikatai. Mlinzi akaniambia, "Dada, mimi nimetumwa." Na namwamini. Ndiyo maana hasira yangu siyo kwake, ni kwa waliomtuma. Wamemfundisha mtoto wa Kiswahili kuiona khanga na kikapu akasoma mchuuzi, na hata angekuwa mchuuzi, bahari ile wamemuuzia nani?

Watu wa Nungwi wenyewe sina neno nao. Tulipozunguka kwa ndani tukafika kwa mafundi wa majahazi, mzee mmoja akampa mama kigogo akae, akamwonyesha wanavyokalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, akamwita mwalimu mpaka tunaondoka. Hakutaka hata mia. Mafundi hao wako pale kabla ya hoteli yoyote, na leo wamebanwa kwenye kipande cha mchanga kati ya ukuta na ukuta.

Najua watakuja wa "kama huna hela kaa kwenu". Nililipa. Nililipa zaidi ya tulivyokubaliana, na mama yangu akapekuliwa kikapu.

Ujumbe wa bei, kile kikaratasi na picha ya menyu vyote nimevihifadhi, nawaandikia Kamisheni ya Utalii Zanzibar wiki hii, na suala la dola napeleka Benki Kuu. Majina nitayataja huko, siyo hapa. Ninachoomba kwenu: aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii akajibiwa, aniambie alipitia mlango gani na walitaka vielelezo gani. Na kama nawe ulizuiwa kupita kwenye ngazi hizo za Nungwi, andika hapa mwezi na mwaka, niambatanishe.