Naomba ushauri: wapi nitapakua Messiah ya Handel kihalali?

Wakuu, habari za leo. Nafundisha kwaya ya parokia, na tunajiandaa kuimba sehemu kadhaa za Messiah, utunzi mrefu wa Handel wa kwaya na okestra, siyo Haleluya peke yake kama ilivyozoeleka. Nota nimezipata bure IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni. Kinachonisumbua ni rekodi nzuri ya kuwasikilizisha waimbaji, hasa wa sauti ya tatu na ya nne, ambao hawasomi nota na hujifunza kwa kusikia.

Handel alifariki mwaka 1759, kwa hiyo utunzi wenyewe hauna tena hakimiliki. Lakini rekodi ina haki zake, za waimbaji na za waliorekodi, na sitaki kuiba jasho la wanamuziki wenzangu. Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, nimepita. Rekodi za kale za santuri nilizozipata zinakwaruza mno, besi haisikiki kabisa.

Kuna mahali pengine pa kupakua kihalali, hata kwa kulipia kiasi, ikiwezekana kwa M-Pesa? Na je, FLAC (faili la sauti lisilopunguzwa ubora, ila kubwa) ina faida yoyote kwenye spika ya kawaida, au MP3 inatosha? Bando langu ni dogo, faili kubwa zitalimaliza.