Mimba ya miezi minne, benki wananiita: nihame au nibaki hotelini?

Waridi_Njiro: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mimi ni mhasibu wa hoteli ya watalii hapa Arusha, mwaka wa tatu huu. Nina mimba ya miezi minne, mtoto wa pili. Benki moja ya Dar wananitaka nianze mwezi ujao. Kila ninayemuuliza anasema benki na kampuni za simu wanajali wazazi, ila hotelini ukirudi unakuta meza ina mwenyewe. Mume wangu yuko kiwandani. Mtoto wa kwanza alipozaliwa alipewa siku tatu, ya nne yuko zamu. Likizo ya uzazi inatofautianaje kwenye sekta hizi?

ShangaziHR: Hongera bibie. Usisaini kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijui benki wala hoteli: mama ana siku 84 za malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Lakini sheria hiyohiyo inasema asiyetimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Piga hesabu: ukianza mwezi ujao, utajifungua ukiwa na miezi minne tu pale. Labda mkataba wao uwe na kipengele kizuri zaidi, na ukisome kwenye karatasi, usiridhike na maneno ya aliyekufanyia usaili.

TemboMweusi: Kampuni za simu ziko mbele, tusidanganyane. Vodafone walitangaza 2015 wiki 16 za mshahara kamili kwa kampuni zao dunia nzima, na miezi sita ya kwanza ukirudi unafanya saa 30 kwa wiki bila kukatwa.

ShangaziHR: Kweli mkuu, hizo zinapita hata wiki 14 za mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 2000. Ila aliyemwita dada ni benki.

BintiUsaRiver: Huku kwenye mashamba ya maua siku ni 84 hizohizo. Kinachotutofautisha ni mkataba wa hali bora, ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri. Penye chama chenye nguvu, mjamzito anahamishwa mapema asikae karibu na wanaopuliza dawa. Pasipo chama utabembeleza msimamizi mpaka tumbo lionekane. Na nyie wa msimu msikubali kuambiwa hamna haki: ukirudi kwa mwajiri yuleyule na jumla ikapita miezi sita ndani ya mwaka, likizo unayo. Tulio wengi tumejua hili watoto wakiwa wanatembea.

Mzee_wa_Nakuru: Salamu kutoka Kenya. Sheria yetu ya 2007 inampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili, mshahara kamili. Hizo siku tatu za Bongo ni ruhusa ya msiba?

TemboMweusi: Msiba tunapewa nne mzee 😂 Ni kweli, soma sheria.

Waridi_Njiro: Nimecheka kwa uchungu. Sasa mkataba wangu hotelini unaisha mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Huwa wanauhuisha kila mwaka bila maneno, lakini bosi akiona tumbo? Na wananipanga usiku kufunga hesabu.

ShangaziHR: Tuanze na usiku: miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua hawaruhusiwi kukupanga, na daktari akiandika cheti, hata mapema zaidi. Ukirudi una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kuhusu mkataba, wamekuwa wakiuhuisha, kwa hiyo una sababu ya kutarajia hata safari hii. Wakikataa kwa ajili ya mimba, huko ni kukuachisha kazi isivyo halali; unapeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Tunza mikataba yote ya nyuma na ujumbe wa simu. Benki waulize kama wanaweza kukusubiri mpaka umalize likizo, wakikutaka kweli watasubiri.

BintiUsaRiver: Na barua ya taarifa je? Inatakiwa miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.

Waridi_Njiro: Bado sijaandika.

ShangaziHR: Andika wiki hii, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.