Mafundi wa seva Mwanza, mnazipa kamera kache yote halafu mnatuambia tununue RAM!

Wakuu nimechoka na nina hasira, wacha niseme.

Tunapokea samaki huku Kirumba. Seva ni moja, ZFS (mfumo wa kutunza mafaili kwenye diski) juu ya Linux, RAM GB 32, imebeba databesi ya mzani na malipo na hiyohiyo inarekodi kamera. Asubuhi maboti yakiingia ndo balaa, karani anapima, anabonyeza sevu, kiduara kinazunguka tu, kijana kashika kreti la sangara maji ya barafu yanamchuruzika mpaka ndani ya gambuti, foleni nyuma yake inakua na wavuvi wanaanza kusema tunawaibia kilo kwa sababu risiti haitoki.

Tukamwita fundi aliyetufungia. Kaona RAM imejaa, kasema ongezeni RAM na mnunue SSD (diski ya kasi) ya kache, kaacha profoma kaondoka.

Jamani RAM kujaa sio ugonjwa! Hiyo ARC, yaani kache ya ZFS inayoshika data ndani ya RAM ili isisomwe tena kwenye diski, imetengenezwa ijae, kwenye Linux kwa miaka mingi difolti yake ilikuwa kula mpaka nusu ya RAM, kwetu GB 16. Cha kuuliza ni nani kakaa mle ndani. ARC inatofautisha kilichoguswa mara moja na kinachoguswa mara kwa mara, sawa, lakini usiku kuna kazi ya kunakili video kwenda diski ya nje, kwa hiyo kipande ambacho bado kimo mle kinaguswa mara ya pili na ARC inakihesabu kuwa kinahitajika sana, asubuhi majedwali ya bei na wavuvi yameshafukuzwa yanasomwa upya kwenye diski zinazozunguka. Dawa ni kuweka primarycache=metadata kwenye dataset ya kamera (fungu la mafaili lenye mipangilio yake), yaani ARC ishike maelezo ya mafaili tu, sio video yenyewe, mstari mmoja, bure! Atakayerudisha video nyuma atasubiri kidogo, asubiri. Na hiyo SSD ingejazwa video zilezile zinazomwagika kutoka ARC, tena kila bloku iliyoko kule inaacha rekodi yake ndani ya RAM.

Kilichonikata maini ni kukuta dataset ya databesi fundi kaiwekea sync=disabled ili tuone mwendo umeongezeka. Yaani databesi inaambiwa imeshaandikwa wakati data bado iko kwenye RAM inasubiri kushushwa, kwa kawaida kila sekunde 5 hivi. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) hatuna na anajua hatuna! Umeme ukakatika katikati ya kupima, mvuvi ana risiti mkononi, kwenye mfumo mzigo wake haupo. Mtu kakesha ziwani na wimbi lile halafu anaambiwa hatukuoni. Tumelipa kwa kufuata karatasi, ila waliokuwa bado hawajapewa karatasi tumegombana nao mpaka jioni.

sync nimeirudisha standard leo, mwendo umepungua, bora hivyo. Profoma hatulipi. Kama kuna fundi yuko Nyakato, Buzuruga, popote hapa mjini, anayefungua arc_summary (ripoti ya matumizi ya ARC) na kutuonyesha namba kabla ya kutaja bei, aje PM, kazi ipo na hela ipo.