Ulinganisho: sumaku za diski ngumu, za spika na za feni, ipi ifae kazi ipi?

Patasi_Butu (mwanzilishi wa mada)

Wadau, habari za kazi. Nimefungua kompyuta kadhaa zilizokwisha maisha yake, na sasa nina diski ngumu sita za kompyuta za mezani, mbili za kompyuta za mkononi, spika mbili zilizochanika, visomeo viwili vya DVD na feni chache. Ningependa kuzitumia sumaku zake kwa kazi tatu, nazo ni ubao wa ukutani wa kushikia zana, kifungio cha mlango wa kabati, na jenereta ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Swali langu la kwanza ni ipi itumike wapi. La pili ni kwamba sumaku za diski ngumu zimegundishwa kwenye bamba nene la chuma, nami sijui kama inafaa kuzibandua au kuziacha hapo zilipo.

Karakana_Tulivu

Ndugu Patasi, usizibandue. Najua bamba lile linaonekana kama uzito wa bure, lakini ndilo linalofanya nusu ya kazi. Sumaku hizo ni za mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni, aina iliyopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndani ya diski kazi yake ni kuusukuma mkono unaobeba vichwa vya kusomea. Bamba la nyuma huzirudisha nguvu za sumaku upande wa mbele badala ya kuziacha zipotee hewani kwa nyuma, kwa hiyo sumaku iliyo kwenye bamba hushika chuma kwa nguvu kubwa kuliko ile ile ikiwa tupu. Isitoshe, bamba huwa na matundu ya skrubu tayari, na hilo si jambo dogo, kwa sababu sumaku yenyewe haitobolewi. Ni ngumu na hukatika kama kigae, na unga wake ukipata joto la keekee unaweza kuwaka.

Sumaku ya spika kwa kawaida ni ya feraiti, ile pete nyeusi nzito. Ukubwa kwa ukubwa ni dhaifu mno kuliko ya diski, ila inavumilia joto vizuri. Sumaku ya feni ni utepe laini uliokunjwa mviringo, na sioni kazi yake zaidi ya kushikia karatasi. Diski za kisasa zisizo na sahani zinazozunguka hazina sumaku hata moja, usipoteze muda kuzifungua.

Jiliwa_Kali

Nakubaliana kwa sehemu tu. Ziko kazi ambazo bamba halienei, kwa mfano ukitaka kuizamisha sumaku ndani ya mbao. Mimi hulibana bamba kwenye jiliwa upande mmoja, nikalishika kwa koleo upande wa pili na kulipinda taratibu kuelekea nyuma, mpaka gundi iachie kwa mlio mdogo. Usiingize bisibisi chini ya sumaku na kuikwanyua. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, kona ikapasuka na kipande kikaruka, na bahati yangu ni kwamba nilikuwa nimevaa miwani. Kile kipande nilikitunza: baada ya miezi michache, pale ilipobanduka ngozi ya nikeli palishika kutu, na sumaku ikaanza kugeuka unga wa kijivu. Tangu hapo kila iliyochubuka naipaka gundi ya epoksi siku hiyo hiyo.

Dira_Isiyotulia

Mnazungumzia nguvu kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo ulinganisho unapopotoka. Mwanzilishi wa mada, chukua karatasi nyeupe, iweke juu ya sumaku ya diski, kisha nyunyiza chenga za chuma kutoka kwenye tupa. Utaona mstari ukiigawa sumaku katikati, kwa sababu uso ule ule mmoja una ncha ya kaskazini nusu moja na ncha ya kusini nusu ya pili. Ndivyo diski inavyohitaji, kwani koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo kwenye mkono wa vichwa ina pande mbili ambazo umeme hupita ukielekea pande zilizo kinyume.

Matokeo yake ni kwamba nguvu hutoka nusu moja na kuingia nusu ya pili papo hapo, bila kwenda mbali. Sumaku ya diski hung'ang'ania sana inapogusana na chuma, lakini ukiweka nafasi ya milimita chache mvuto wake hushuka haraka. Pete ya spika iliyotolewa kwenye vyuma vyake ina uso mzima wa ncha moja, na ingawa haing'ang'anii hivyo, inafika mbali zaidi. Jaribu kwa dira: pete itaitikisa sindano kutoka umbali ambao sumaku ya diski haijaigusa bado. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ina nguvu, uliza kati ya sumaku na chuma patakuwa na nini.

Kuhusu jenereta, sumaku za diski zinafaa kwa sharti moja. Ukizipanga kwenye mviringo zote zikielekea upande mmoja, ncha zitapokezana zenyewe, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Lakini upana wa koili ulingane na nusu ya sumaku. Koili inayofunika sumaku nzima hupokea ncha zote mbili kwa pamoja, zikabatilishana, na utazungusha mpaka mkono uchoke bila kuwasha hata taa ndogo. Tumia pia sumaku za diski za aina moja, maana maumbo hutofautiana, na baadhi ya diski zina sumaku upande mmoja tu.

Skrubu_Moja

Naomba kuongeza swali: je, naweza kuibandika moja chini ya injini ya pikipiki, ikamate chenga za chuma ndani ya mafuta?

Karakana_Tulivu

Ya diski, hapana. Neodimiamu ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80 za selsiasi, na mafuta ya injini hupita hapo bila shida. Feraiti ndiyo ya mahali pa joto.

Jiliwa_Kali

Kwa ubao wa zana, usisahau kwamba patasi na bisibisi zikikaa juu ya sumaku hizi kwa muda nazo hugeuka sumaku, na patasi iliyonaswa hivyo hukusanya chenga zote za jiwe la kunolea. Bisibisi sawa, hata inasaidia. Patasi ziweke kwenye ubao wa kawaida.

Na diski za kompyuta za mkononi zifungue ukiwa na glavu. Sahani zake mara nyingi ni za kioo, nazo huvunjika vipande vidogo sana.

Patasi_Butu

Ahsanteni nyote. Nimefanya jaribio la nyundo: niliiacha sumaku moja kwenye bamba, nikabandua ya pili kwa njia ya ndugu Jiliwa, kisha nikawa naongeza karatasi moja moja kati ya sumaku na nyundo. Iliyobanduliwa iliangusha nyundo mapema, na iliyo kwenye bamba iliendelea kuishika. Ubao wa zana basi utatumia sumaku zenye mabamba, zikiwa wazi bila kufunikwa kwa mbao. Kwenye kabati nimejaribu ya diski, na mlango ukajifunga kwa kishindo hata vikombe vikatikisika, na kuufungua ukahitaji mikono miwili. Nimehamia kwenye zile ndogo mbili za pembeni mwa lenzi ya kisomeo cha DVD, na zinatosha kabisa.

Dira_Isiyotulia

Hizo ndogo zigundishe vizuri kwa epoksi kama nyumbani kuna watoto. Mtoto akimeza mbili, hushikana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, na hilo ni la kukimbizwa hospitali bila kusubiri dalili. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asisogee karibu na meza yako. Jenereta ukiifikia, tuwekee hapa idadi ya mizunguko ya waya kwa kila koili.